Kumchinja Mnyama Uliyemlea: Mwongozo kwa Familia za Vijijini

Katika vijiji vingi vya mkoa wa Kilimanjaro mbuzi na ng'ombe hawapelekwi malishoni. Hufungiwa bandani karibu na nyumba, katikati ya migomba na kahawa, na kila jani wanalokula huletwa na mkono wa mtu. Mtu huyo mara nyingi ni bibi wa nyumba, au mtoto anayetoka shule mchana na kutumwa majani kabla hajavua sare. Yeye ndiye anayesikia sauti ya mbuzi usiku na kujua kama ni njaa, kiu au mbwa waliopita nje. Kisha Desemba inafika, wana na wajukuu wanarudi kutoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, na mbuzi yuleyule anatakiwa awe nyama kabla ya Krismasi. Wageni wanauliza kama mbuzi amenona, na ni wachache wanaouliza kama aliyemlea yuko tayari.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya watu wanaolazimika kuua wanyama waliowalea, iwe kwa kitoweo, kwa ugonjwa au kwa ajali. Unaanzia kwenye jambo ambalo wachinjaji wazoefu hulijua hata wasipolisema: uchungu unaomkaa mtu kwa miaka hautoki sana kwenye kifo chenyewe, hutoka kwenye kifo kilichokwenda vibaya. Ni kisu butu, ni kamba iliyofunguka, ni mnyama aliyeponyoka akiwa na jeraha shingoni, ni mtoto aliyedanganywa. Mambo hayo yanaweza kuzuiwa kabla, na hiyo ndiyo kazi kubwa zaidi ambayo familia inaweza kuifanyia mioyo yake.

Amueni mapema, na aliyemlea aambiwe wa kwanza

Uamuzi wa kuchinja usifanywe asubuhi ya siku yenyewe, wala usitangazwe kwa simu na kaka aliyeko mjini. Kaeni, mchague ni mnyama gani na kwa nini: beberu aliyekwisha kupata warithi wake bandani, jike asiyeshika mimba tena, dume aliyefugwa tangu mwanzo kwa ajili ya sherehe. Sababu inapojulikana, moyo hupata pa kushika. Siku ikishapangwa isisogezwe ovyo, kwa maana kila "ngojeni wiki ijayo" humfanya anayemlisha aage mara nyingine upya.

Kama nyumba haiwezi kabisa kumla mnyama wake, kubadilishana na jirani ni njia ya heshima: wao wanachukua mbuzi wenu, nanyi mnachukua wa kwao. Wengine hupendelea kumuuza mnadani na kununua nyama buchani. Siwalaumu, lakini wajue wanachokichagua. Mnyama aliyeuzwa mnadani huenda akasafiri saa nyingi juu ya lori, au akiwa amefungwa miguu nyuma ya pikipiki, kisha akauawa mahali pa kelele na mtu asiyemjua. Anayeuza ili asione, mara nyingi amejipunguzia uchungu yeye mwenyewe kuliko alivyompunguzia mnyama.

Mkono wa kuchinja

Aliyemlisha mnyama asilazimishwe kumchinja. Hili ndilo sharti ambalo ningelitetea hata mbele ya wazee wa ukoo. Katika jamii nyingi za kwetu kuchinja ni kazi ya wanaume, kwa hiyo mjane au mama anayeishi peke yake hutegemea shemeji au jirani, na apange naye siku kadhaa kabla ili asije akapata yeyote aliyepita njiani. Katika vijiji vyenye watu wa dini mbalimbali huitwa Mwislamu ili majirani wote waweze kula. Desturi hiyo ina faida nyingine isiyotajwa sana: anayekuja ni mtu mwenye mkono uliozoea, na anakuja na utaratibu wake na dua yake, hivyo wenye nyumba hawabaki wakitazamana wakiulizana nani aanze.

Mchinjaji achaguliwe kwa mkono wake, si kwa umri wala kwa sauti yake kubwa. Awe hajanywa. Wakati wa sikukuu mbege, pombe yetu ya ndizi, huanza kuzunguka mapema mno, na mtu aliyekwisha kupitisha kibuyu kimoja hujiona hodari zaidi ya alivyo. Kazi ifanyike kwanza, kibuyu kifuate.

Kuhusu wavulana, acheni mtindo wa kumrushia kijana kisu mbele ya wajomba ili aonekane mwanamume. Kijana hujifunza kwa hatua: mara ya kwanza ashike miguu, baadaye asaidie kuchuna, kisha aanze na kuku chini ya uangalizi, na mbuzi baadaye, siku atakayosema mwenyewe kwamba anaweza. Akikataa, au machozi yakimtoka, asichekwe. Mkono unaotetemeka kwa aibu hukata vibaya, na anayeumia kwa hilo ni mnyama kwanza, kisha huyo kijana kwa miaka mingi.

Usiku uliotangulia

Mnyama apewe maji mpaka mwisho, lakini chakula kisimamishwe muda wa kama saa 12 kabla ya kuchinja, kwa sababu tumbo lililojaa huleta taabu wakati wa kupasua na huweza kuchafua nyama. Asitengwe peke yake usiku. Mbuzi ni mnyama wa kundi, na akiachwa upweke mahali pageni atalia mpaka alfajiri, na aliyemlea atasikia kila mlio. Mwacheni na mwenzake, kisha mwenzake aondolewe kabla ya kazi kuanza ili asione.

Kisu kinolewe usiku huo, mbali na banda. Mafundisho ya Kiislamu yanamwamuru mchinjaji anoe kisu chake na ampunguzie mnyama taabu, na wanazuoni wanakataza kunoa mbele ya mnyama au kumchinja mmoja huku mwingine anatazama. Hata asiye Mwislamu hana sababu ya kuyapita maagizo hayo. Ubapa wa kisu uwe mrefu, walau mara mbili ya upana wa shingo, na usiwe na pengo hata dogo. Kipitisheni juu ya kucha ya kidole gumba: kikikwaruza au kukwama mahali, bado. Kisha kijaribuni kwenye jani bichi la mgomba lililoshikwa ncha moja likining'inia. Kisu kilicho tayari hupita jani hilo bila kulisukuma.

Mahali pachaguliwe pakavu, penye kivuli, pasipo na damu ya zamani. Mbuzi hunusa, na akifika penye harufu ya damu hukaza miguu. Tandikeni majani ya mgomba, wekeni maji karibu, na muwaondoe mbwa na watu wasio na kazi.

Asubuhi yenyewe

Nani amtoe mnyama bandani? Jambo hili huonekana dogo, lakini ndipo wengi wanapoumia. Mbuzi anayevutwa kwa kamba na mgeni hujilaza, hupiga kelele na kufika akiwa amejaa hofu. Yuleyule akiitwa na anayemlisha, mwenye kishada cha majani mkononi, hutembea mwenyewe. Wapo walezi wanaoona kuwa huo ni usaliti, kwamba wametumia imani ya mnyama kumpeleka kisuni. Wapo wengine wanaoona kuwa ndiyo huduma ya mwisho waliyokuwa wanadaiwa na mnyama huyo. Mimi niko upande wa hao wa pili, kwa sababu hofu ya mnyama hupungua kweli, lakini halazimishwi mtu. Akikubali, amlete, ampe majani, amshike kidogo shingoni, kisha aondoke kabla mnyama hajalazwa, na awepo mtu wa kwenda naye. Asipotaka, mbuzi mwenzake atangulizwe njiani na huyu atafuata.

Mnyama alazwe kwa ubavu wa kushoto na watu wawili watulivu, kichwa kikinyooshwa nyuma bila kukunjwa shingo. Mkato ni mmoja, wa nguvu na wa haraka, chini kidogo ya koo, unaopita kwenye koromeo, umio na mishipa mikubwa ya damu ya pande zote mbili. Asichomwe wala asivunjwe shingo, na kisu kisiinuliwe na kurudishwa. Dua isemwe kwa sauti ya kawaida. Wasio na dua maalumu wakae kimya. Simu za kupiga picha zibaki mifukoni, na mzaha ungoje nyama iwe jikoni.

Kinachofuata ndicho kinachowavunja watu wengi moyo, na ni vizuri kukijua kabla. Mbuzi au kondoo aliyekatwa sawasawa hupoteza fahamu kwa kawaida ndani ya sekunde chache, kwa kuwa damu haifiki tena kwenye ubongo. Miguu yake, hata hivyo, huweza kurusha kwa nguvu baada ya hapo, na kifua kikatoa mkoromo. Mlezi akiona hayo huamini kwamba mnyama wake bado anateseka na anaomba msaada. Hiyo ni mishipa ya fahamu na misuli inayojikunja yenyewe, nayo haimaanishi kwamba mnyama anajua kitu. Ili kuhakikisha, mchinjaji aguse jicho kwa ncha ya kidole: kope isipocheza, pumzi ikiwa imekatika, na mboni ambayo kwa mbuzi ni mstari uliolala ikiwa imepanuka na kuwa duara jeusi, basi amekwisha. Hapo mtu atoke aende kumwambia mlezi kwa maneno mawili tu kwamba kazi imekwisha na imekwenda vizuri. Kuchuna kusianze kabla ya mwili kutulia kabisa.

Ng'ombe ni jambo jingine. Iko mishipa inayopita kwenye mifupa ya shingo na kuendelea kupeleka damu kwenye ubongo hata baada ya koo kukatwa, kwa hiyo ng'ombe huchukua muda mrefu zaidi kupoteza fahamu, na uzito wake unaweza kumvunja mtu mguu. Apelekwe machinjioni, au aitwe mchinjaji wa kazi hiyo. Kuku ashikwe mbawa zisipige, akatwe kwa kisu kikali, na ashikiliwe mpaka atulie. Kumwachia akaruka uani bila kichwa huku watoto wanacheka ni tabia mbaya tunayoifundisha bila kujua. Nyama ya ng'ombe au mbuzi, hata ya nyumbani, ikaguliwe na afisa mifugo.

Watoto

Mtoto asidanganywe kwamba mbuzi amekimbia, au amepelekwa kwa shangazi. Jioni ataiona ngozi imewambwa uani, au atakutana na kichwa kwenye sufuria, na kuanzia hapo ataomboleza mbuzi na pia atapoteza imani kwa waliomwambia. Wajukuu wanaotoka mjini ndio walio hatarini zaidi: wanafika likizo, wanamkuta mnyama wa kuchezea, wanampa maganda ya ndizi kutwa nzima, na hakuna anayewaambia kitu mpaka siku ya kisu. Waambiwe siku wanayofika, kwa lugha ya kawaida.

"Bibi, ataumia?" mtoto atauliza.

Jibu la kweli ni fupi: "Ataumia kidogo, mjukuu wangu. Ndiyo maana babu yako amekinoa kisu vizuri, isichukue muda."

Kuwakataza watoto wasimpe mnyama jina hakusaidii sana, kwa sababu watampenda hata akiitwa "yule mweusi". Lililo bora ni kuwaambia mapema yupi wa maziwa, yupi wa kuzaa na yupi wa kitoweo. Mtoto mkubwa aachiwe achague kuona au kutoona. Mdogo apewe kazi ya mbali na yenye maana, kama kuchota maji au kukata majani kwa ajili ya wanyama waliobaki. Akikataa kula nyama siku hiyo, apewe maharage bila maneno na bila kutaniwa.

Na mlezi naye asipangiwe kuosha damu asubuhi kisha kusimama jikoni mchana kutwa kana kwamba hakuna lililotokea. Katika desturi zetu vipande vya mnyama vina wenyewe kwa cheo cha ukoo, kidari cha huyu na paja la yule. Basi aliyemlea atengewe chake waziwazi mbele ya wote, kwa kutajwa kazi aliyoifanya. Anaweza kukila, anaweza kukigawa, lakini asisahauliwe.

Pale ambapo hakuna karamu

Kifo cha kitoweo kina faraja ndani yake: watu wanakula, wanacheka, mnyama ametimiza alichofugiwa. Kuua kwa sababu ya ugonjwa au ajali hakuna faraja hiyo, na watu huumia zaidi huku wakipewa pole kidogo zaidi.

Mnyama aliyevunjika mguu vibaya au aliyeanguka bondeni asiachwe siku mbili kwa matumaini. Aitwe daktari au afisa mifugo aseme kama kuna dawa. Kama hakuna, amalizwe siku hiyohiyo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, na kumwacha akigaagaa hadi afe kwa kuwa hakuna mwenye moyo wa kushika kisu ni mateso ya aina hiyo. Daktari akitumia sindano ya kumlaza moja kwa moja, nyama hiyo hailiwi na mtu, wala mbwa, wala tumbusi. Mzoga ufukiwe, kwani dawa hubaki mwilini na kuua wanaoula.

Upo wakati ambapo huruma inadai mkono usimguse mnyama kabisa. Ng'ombe au mbuzi aliyekufa ghafla, anayevimba haraka, na damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani au nyuma, huenda ana kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoweza kumuua hata mtu. Asichinjwe "kabla hajapoa", asipasuliwe, asichunwe. Vijidudu vyake vikifikiwa na hewa hujenga ganda linaloishi udongoni miaka mingi sana. Toeni taarifa, na afukiwe mzima kwenye shimo la kina cha mita 2 au achomwe, kwa maelekezo ya wataalamu. Kimeta hakiko peke yake: mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa mwingine wa mifugo unaoambukiza watu, uliopita Kenya, Somalia na Tanzania mwaka 2006 na 2007 uliua watu, na miongoni mwa njia zake kuu za kuambukiza ilikuwa ni kuchinja na kushika damu ya wanyama wagonjwa. Familia inayoona ng'ombe wake akifukiwa mzima hupoteza mali, chakula na mwenzao kwa mpigo, na majirani wanaosema "mngewahi kisu" wanaongeza kidonda bila kujua hatari waliyoiepuka.

Mbwa ni sura ngumu kuliko zote, kwa sababu hakufugwa afe. Mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa hapigwi mawe na kundi la vijana. Watu na watoto waondolewe, afungiwe mahali kama inawezekana bila kumgusa, na waitwe afisa mifugo au wenye silaha halali. Asipigwe kichwani, kwa kuwa ubongo ndio unaopimwa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kukimbilia chanjo siku hiyohiyo, maana dalili zikishaanza ugonjwa huu karibu hauna anayepona. Mwenye mbwa aambiwe wazi kwamba mbwa wake alikuwa mgonjwa, hakuwa mbaya. Chanjo ya kila mwaka ndiyo inayomwepusha mtu na asubuhi ya namna hiyo.

Baada ya hapo

Mtu aliyeua mnyama aliyempenda anaweza kukosa hamu ya kula, kusikia mlio ambao haupo, au kujikuta akikata majani ya mbuzi watatu ilhali wamebaki wawili. Kwa siku chache hayo ni ya kawaida. Apewe nafasi ya kusimulia, na anayemsikiliza asiwahi kusema "ni mbuzi tu". Wanaume hasa huzoea kupeleka jambo hili kilabuni, na pombe hulituliza usiku na kulirudisha alfajiri. Usingizi ukikataa wiki baada ya wiki, au mtu akianza kusema hana haja ya kuishi, apelekwe kituo cha afya na asiachwe peke yake.

Kila kijiji kina yule mmoja anayeitwa na wote. Desemba anachinja nyumba hadi nyumba, na watu humsifu kwamba ana moyo mgumu. Mara nyingi moyo wake si mgumu, umechoka. Ishara za kuangalia ni haraka isiyo ya kawaida, ukali kwa wanyama walio hai, na mzaha unaozidi. Msimwite kwa nyumba nyingi siku moja, mlipeni au mmpe fungu lake bila kumfanya aombe, na mwanzisheni kijana mwingine kujifunza ili mzigo ugawanyike. Naye ana haki ya kusema "leo siwezi", na nyumba ikatafuta njia nyingine au ikala kuku.

Waliopoteza banda zima wanahitaji uangalizi wa pekee. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na mfugaji huweza kuwaona nguruwe wake wote wakifa au wakiuawa ndani ya siku chache. Hali hii haiko kwetu tu: Uingereza mwaka 2001, wakati wa ugonjwa wa miguu na midomo, zaidi ya wanyama milioni 6 waliuawa, wengi wao wakiwa wazima, na wafugaji walieleza kuwa kimya cha mazizi kiliwasumbua kwa muda mrefu. Mnaokwenda kumpa pole mfugaji wa namna hii, msianze kwa kuuliza hasara ni shilingi ngapi. Saidieni kufukia mizoga na kuosha banda kwa dawa, kwa sababu kazi hiyo ndiyo inayomlemea zaidi akiwa peke yake. Msimletee vitoto vya nguruwe wiki inayofuata kwa nia njema. Banda linatakiwa kukaa tupu mpaka afisa mifugo aseme ni salama, na hata akishasema, mwenye banda ndiye wa kuamua siku ya kulifungua tena.